Kupaka Rangi Kalipa za Breki Hapa Pwani: Mwongozo Kamili kwa Waliojaribu Ikabanduka

Kijana mmoja mwenye Fielder alinijia gereji hapa Malindi na kitu amekikunja ndani ya risiti. Akaifungua juu ya boneti. Magamba mekundu, kama ya changu aliyetoka kuparwa. "Ndiyo rangi yangu hiyo, fundi. Wiki mbili tu."

Nikachukua gamba moja nikaligeuza. Upande wa juu mwekundu, unang'aa bado. Upande wa chini mweusi, na ukiupitishia kidole unaacha alama ya grisi. Rangi aliyonunua haikuwa mbaya hata kidogo. Ilishika vizuri, ila ilishika uchafu, na uchafu wenyewe haukuwa umeshika chuma.

Si yeye tu. Wengi wanaoniuliza juu ya kazi hii wameshaifanya mara moja ikaharibika, na karibu wote wameharibikiwa pahala pamoja: kabla ya kufungua kopo. Kwa hiyo usishangae ukiona hapa chini kuosha kumechukua nafasi kubwa kuliko kupaka. Ndivyo kazi ilivyo.

Jambo moja tumalizane nalo mapema. Rangi haiongezi nguvu ya breki. Inazuia kutu ya nje na inapendeza kwenye rimu zilizo wazi. Gari likikawia kusimama, hiyo ni kazi nyingine.

## Jua kwanza gari lako lina kalipa ngapi

Chungulia kati ya mbavu za rimu. Kalipa ni kile kipande kizito kinachoikamata diski kama gando la kaa, na ndani yake zimo pedi, vile vibao vinavyoibana diski. Sasa nenda nyuma ya gari uchungulie tena. Ukiona bakuli la chuma limefunika kila kitu, hiyo ni ngoma, na hapo hakuna kalipa. Probox, na Fielder na Axio nyingi tunazoziona mjini, zina diski mbele na ngoma nyuma. Nimeona watu wamenunua rangi ya kalipa nne na wanazo mbili. Si hasara, ngoma nayo hupakwa kwa rangi hiyo hiyo, lakini ni vizuri kujua mapema.

Halafu chukua sumaku ndogo uiguse kwenye kalipa. Ikinasa, ni chuma, na unaweza kukisugua kwa nguvu zako zote. Isiponasa, ni alumini, kama zilivyo baadhi ya kalipa za Subaru zenye pistoni nne (pistoni ni kile kichuma cha mviringo kinachosukuma pedi). Alumini ni laini: tumia brashi ya nailoni na msasa laini, na usiiguse kwa magadi makali wala zile dawa za kuzibulia mabomba, maana zinaila.

## Vitu vya kuandaa

- Jeki, stendi mbili za kubebea gari, spana ya tairi, na vizuizi vya magurudumu.
- Ubao mpana na mnene wa kuweka chini ya jeki. Kwenye mchanga wetu huu si hiari.
- Brashi ya waya, miswaki mikuukuu miwili, na bisibisi butu ya kukwangulia.
- Msasa wa namba 120 na wa namba 240.
- Sabuni ya maji ya vyombo na ndoo mbili za maji ya mfereji. Nitaeleza kwa nini nimetaja mfereji.
- Kopo moja au mawili ya dawa ya kusafishia breki, ile ya kupuliza.
- Vitambaa vya pamba vyeupe visivyoacha nyuzi. Fulana kuukuu iliyofuliwa inafaa.
- Tepu ya karatasi ya wapaka rangi, na magazeti. Zamani tulifunika kwa mifuko ya plastiki. Tangu marufuku ya 2017 tumerudi kwenye magazeti na magunia, na sijaona tofauti.
- Glavu, barakoa, miwani ya kukinga macho.
- Brashi ya kupakia ya nusu inchi, na nyingine nyembamba kama ya mchoraji.
- Rangi ya kalipa.
- Spana ya toki ya kukazia nati, ile inayopima nguvu ya kukaza. Kama huna, azima.

### Kuhusu rangi yenyewe

Nunua iliyoandikwa kwenye kopo kwamba ni ya kalipa za breki. Kalipa hupashwa moto na pedi zinazosuguana na diski, na ukishuka mlima na mzigo, diski hufika mamia ya digrii. Kalipa haifiki joto la diski, lakini inapata la kutosha kupika rangi ya kawaida. Rangi za kalipa hutengenezwa zivumilie hadi karibu digrii 480, nyingine chini ya hapo kidogo. Za injini mara nyingi huishia karibu 260. Ile iliyobaki ulipopaka geti la nyumba haina nafasi hapa.

Nasema hivi kwa kuwa niliwahi kuipaka. Gari lilikuwa langu, geti lilikuwa la shemeji, rangi nyekundu safi kabisa. Baada ya safari moja ya Mombasa ilikuwa imegeuka rangi ya halua, na nilipoigusa ilinata kidoleni.

Kuna ya kupaka kwa brashi na kuna ya kupuliza. Kwa Malindi nakushauri ya brashi. Upepo wetu hauna adabu. Sprei itapaka kalipa, diski, fenda na gari la jirani. Ya brashi hukaa nene zaidi, nayo hujitandaza yenyewe ikikauka, kwa hiyo usiogope mistari. Kopo la mililita 250 linatosha kalipa nne na linabaki.

Usinunue praima ya kawaida, ile rangi ya msingi, ukidhani unajikinga. Rangi ya juu inavumilia moto na praima ya chini haivumilii, kwa hiyo zinabanduka zote mbili kwa pamoja. Kopo likisema haihitaji praima, liamini.

Rangi gani? Nyekundu hapa haina mpinzani, labda kwa sababu ya Waitaliano wetu wanaoishi hapa Malindi. Mimi nampa mtu nyeusi au kijivu akinisikiliza. Vumbi la pedi ni jeusi, na kalipa ya njano hudai kuoshwa kila Jumamosi.

## Chagua siku na saa

Unahitaji siku nzima, na gari lisiwe na safari hadi kesho yake.

Kusi ikivuma sawasawa inabeba mchanga na chumvi, na masika iko ndani yake. Kaskazi ni kavu zaidi lakini ina vumbi lake. Miezi mizuri ni ya tanga mbili, upepo unapogeuka na bahari kutulia, ila ukiwa na banda lenye kuta mbili tatu unaweza kufanya mwezi wowote usio wa mvua.

Kuosha anza alfajiri ukitaka. Kupaka, ngoja. Chuma cha asubuhi hutoka jasho la umande, nawe huoni kwa macho; pitisha kiganja utalisikia. Rangi ikikaa juu ya jasho hilo hutoa malengelenge. Ukichelewa mpaka saa nane mchana nako kuna tatizo: chuma kimepigwa jua, rangi inakauka juu kabla ya ndani. Saa tatu hadi saa tano asubuhi, kivulini, ndio wakati wangu. Kalipa iwe na joto la mwili, isikuunguze kidole wala isikusisimue kwa ubaridi.

## Hatua ya 1: Kagua kabla ya kupamba

Inua gari kama hatua ya 2 inavyoeleza, fungua tairi moja, utazame. Je, kuna majimaji yanayong'aa kuzunguka pistoni au kwenye kiungo cha paipu? Yale ya breki, yakivuja, yatayeyusha rangi yako mpya kama thina. Je, ule mpira uliokunjamana unaozunguka pistoni umechanika? Chumvi itaingia na pistoni itakwama. Pedi zimebaki nyembamba kama sarafu? Basi zitafunguliwa karibuni, na spana ya fundi itachubua rangi yako.

Ukikuta lolote kati ya hayo, funga tairi, tengeneza breki kwanza. Ukikuta kavu, mpira mzima na pedi nene, endelea.

## Hatua ya 2: Inua gari kwa usalama

Simamisha gari pahala tambarare. Legeza nati robo mzunguko tairi likiwa bado chini, maana likishaning'inia litazunguka nawe. Ukiinua mbele, vuta breki ya mkono na ukinge magurudumu ya nyuma. Ukiinua nyuma, breki ya mkono haikusaidii, kwa sababu inashika magurudumu yale yale uliyoyaning'iniza. Kinga ya mbele pande zote mbili na uweke gari kwenye P au kwenye gia.

Weka ubao chini ya jeki. Uwanja wa mchanga hukubali uzito polepole, na jeki iliyosimama wima saa tatu huwa imelala saa nne. Kisha shusha gari likae juu ya stendi.

Hapa nasimama kidogo. Pwani nzima watu wanaegemeza magari kwenye matofali ya mawe ya matumbawe, yale ya kujengea, kwa kuwa yako kila uwanja. Jiwe hilo lina matundu ndani usiyoyaona. Linabeba ukuta kwa sababu uzito umetandazwa. Chini ya ncha ya chesisi linapasuka bila kulia kwanza. Nimeona likipasuka. Hakuna aliyekuwa chini, na ndio maana naweza kulisimulia kwa utulivu.

Umefaulu ikiwa unaweza kulisukuma gari kwa bega na halitikisiki juu ya stendi. Tairi ulilofungua lisukume chini ya mbavu ya gari, kama akiba.

## Hatua ya 3: Ondoa vumbi kwa maji

Vaa barakoa. Lile vumbi jeusi ni pedi zilizosagika, na pedi nyingine za zamani zilikuwa na asbesto. Usilipulize kwa kompresa, usilipulize kwa mdomo, na usianze na brashi kavu. Lilowanishe.

Changanya sabuni ya vyombo na maji, loweka mswaki, sugua kalipa yote, juu, chini, na kwenye pembe za breketi inayoishikilia. Maji yatatoka meusi kama kahawa ya barazani. Suuza. Rudia mpaka yatoke ya kijivu.

Sasa lile suala la mfereji. Visima vingi vya Malindi, hasa upande wa bahari, vina maji ya chumvi chumvi. Sabuni yenyewe inakwambia, haitoi povu. Ukisuuza kalipa kwa maji hayo umeipaka chumvi upya, na chumvi chini ya rangi huvuta unyevu na kuanzisha kutu ukiwa unaangalia pembeni. Maji ya mfereji yanayotoka Baricho yanafaa. Mfereji ukikauka siku hiyo, na tunajua hukauka, nunua mitungi miwili kwa mwenye mkokoteni ukiwa na hakika ameyateka wapi.

## Hatua ya 4: Kwangua kutu

Bisibisi butu kwanza, kwa kutu iliyovimba na kutoka kwa vipande. Kisha brashi ya waya. Kisha msasa wa 120 pahala unapofika, na umalizie na wa 240.

Huna haja ya kufikisha chuma kung'aa kama sufuria mpya. Unachotafuta ni kuondoa chochote kinacholegea, na kuacha uso wenye mikwaruzo midogo ambayo rangi itaishikia. Rangi ya kiwandani iliyoshika bado, iache. Ikwaruze tu ipoteze mng'ao.

Epuka mpira wa pistoni, epuka paipu ya mpira, epuka waya wa ABS (ule mwembamba unaokwenda kwenye kihisi cha gurudumu). Brashi ya waya ikipita mara moja kwenye mpira wa pistoni, umejitengenezea tatizo la miezi sita ijayo.

Watu huniuliza siki na ndimu. Zinalainisha kutu, kweli. Lakini ni tindikali, hujificha kwenye nyufa, na zisipooshwa zote zinaendelea na kazi chini ya rangi. Mimi sizitumii kwenye kalipa iliyo bado garini.

Unapokwangua, gonga kwa mpini wa bisibisi. Ikilia wazi, ni chuma kitupu. Ikilia kama mbao mbichi, kuna kutu imelala chini ya ngozi.

## Hatua ya 5: Osha mara ya pili, na hapa ndipo kazi yote ilipo

Kijana wa Fielder alifika hatua ya nne vizuri tu. Alikwangua, akapangusa kwa kitambaa, akapaka. Alichoruka ni hiki.

Suuza tena kwa maji safi kuondoa unga wa kutu. Acha kalipa ikauke kabisa, au ipanguse kwa kitambaa. Kisha puliza dawa ya kusafishia breki, ukianzia juu ili uchafu ushuke, na ufuate kwa kitambaa cheupe kabla haijakauka yenyewe. Ukiiacha ikauke bila kupangusa, grisi iliyoyeyuka inabaki pale pale, imehama tu kidogo. Badilisha upande wa kitambaa kila mara.

Usitumie petroli badala yake. Inaacha mafuta yake, na unafanya kazi karibu na mtu anayevuta sigara, kila gereji ina mmoja. Na dawa ya breki usiipulize karibu na moto wala kwenye chuma cha moto: baadhi ya aina zina klorini, na zikiungua hutoa gesi ya sumu.

Kisha fanya majaribio mawili, na usidanganye.

La kwanza: kitambaa kipya cheupe, sugua kwa nguvu nyuma ya kalipa, pahala ambapo mkono haufiki vizuri. Kikitoka na rangi ya chai, rudia.

La pili: dondoshea maji safi kidogo juu ya kalipa. Yakitanda kama shuka, chuma ni safi. Yakijikusanya matone matone kama kwenye jani la muhogo, mafuta bado yapo. Rudia. Nikiwa na kijana wa Fielder tulirudia mara nne upande wa kulia, akaanza kunitazama kama mchawi, mara ya tano maji yakatanda.

Baada ya jaribio la maji acha ikauke kabisa, pamoja na zile pembe zinazohifadhi tone. Kuanzia hapa usiiguse kwa mkono mtupu. Jasho la kiganja lina chumvi na mafuta.

## Hatua ya 6: Ziba usivyotaka kupaka

Tepu ya karatasi iende kwenye: mpira wa pistoni, mipira ya pini za kuteleza na pini zenyewe, nipeli ya kutolea hewa, paipu ya breki na kiungo chake, waya wa ABS, pedi na vibanio vyake. Diski ifunike kwa gazeti pande zote mbili.

Kila kimoja kina sababu yake. Pini zikipakwa zinakwama, pedi moja inaisha kabla ya mwenzake. Nipeli ikizibwa, fundi atakayetoa hewa kwenye breki ataivunja. Diski ikipata tone la rangi hutoki kazini mpaka uifute yote kwa dawa ya breki.

Kitovu ambapo rimu hukaa, na uso wa rimu unaokigusa, visipate rangi kabisa. Mzee mmoja wa Mambrui aliletewa gari lake likiwa limependeza, ngoma za nyuma zimepakwa mpaka kwenye nyuso za kukalia rimu, tabaka nene. Nati zilikazwa juu ya rangi. Rangi ilipopata joto ikalainika na kubonyea, nati zikalegea, na alipofika kwangu mbili nilizitoa kwa vidole.

## Hatua ya 7: Paka

Koroga kopo kwa kijiti dakika kadhaa. Uzito wote wa rangi umelala chini. Ikiwa imekuja na kichupa cha kigumishi, changanya kwa kipimo kilichoandikwa, na ya kalipa mbili tu kwanza, kwa sababu ikishachanganywa haisubiri.

Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la rangi, uwe mwembamba kiasi cha kukukatisha tamaa. Utaona chuma kikitokeza, ni sawa. Anza na pembe na mashimo kwa brashi nyembamba, kisha nyuso pana kwa ile ya nusu inchi. Ukianza na nyuso pana utarudi kwenye pembe na kuzivuruga.

Mkono wa pili ndio unaofunika. Muda wa kusubiri kati ya mkono na mkono usome kwenye kopo, na uufuate kwa saa. Makopo mengine husema rudia ndani ya saa 1, au subiri siku 7. Watu hucheka, lakini kuna sababu: rangi iliyokauka nusu, ikipata thina ya mkono unaofuata, huvimba na kukunjamana kama ngozi ya maziwa. Ukipitwa na saa, funga kopo uende zako.

Mkono wa tatu ni kwa rangi nyepesi kama njano na nyekundu angavu. Zaidi ya hapo ni unene tu, na rangi nene hupasuka.

Kila baada ya kupaka, chuchumaa uangalie chini ya kalipa. Rangi huchuruzika kule na kuning'inia kama tone la asali. Lilambe kwa ncha ya brashi likiwa bado bichi.

## Hatua ya 8: Tepu na kukauka

Toa tepu mkono wa mwisho ukiwa haujakauka kabisa, kama robo saa baadaye, ukiivuta kwa upole na kuirudisha nyuma juu yake yenyewe. Ukiiacha hadi kesho itatoka na ukingo wa rangi.

Acha gari kwenye stendi, bila matairi, hadi rangi isishike alama ya ukucha. Ya brashi naipa usiku kucha. Ukiharakisha kurudisha rimu, mbavu yake itaichubua pahala pa kuonekana, haitachubua pa kujificha.

## Hatua ya 9: Rudisha tairi, pima breki

Tazama kitovu na rimu: pasafi, hapana rangi wala mchanga. Rudisha nati kwa mkono kwanza, zote, kisha zikaze kwa kuruka, kama unavyochora nyota, usizunguke mfululizo. Shusha gari, halafu malizia kwa toki. Toyota nyingi ndogo zinataka Nm 103. Ya gari lako imo kwenye kitabu chake. Kuipandia spana ya tairi kwa miguu miwili si kipimo.

Hata kama hukufungua kalipa, kanyaga pedeli ya breki mara kadhaa kabla ya kuwasha. Lazima iwe ngumu na isizame. Ikizama, gari halitoki. Kisha nenda mbele hatua chache uani, funga breki, rudi nyuma, funga tena. Baada ya hapo ndipo barabarani, polepole, pasipo na tuktuk za kukukatizia, kama utapata pahala hapo Malindi.

## Hatua ya 10: Ipashe joto, kisha iache

Rangi nyingi za kalipa hukomaa kwa moto wa breki zenyewe. Safari ya kwanza iwe ya upole: nenda Watamu urudi, karibu kilomita 50, ukifunga breki kwa ulaini na kuziacha zipumue. Utasikia harufu kidogo ya rangi, ni kawaida. Moshi si kawaida. Ukirudi, gari likipoa, kaza nati tena kwa toki.

Wiki moja usiioshe kwa mashine ya presha, na usilipeleke gari ufukweni. Wiki hiyo ikipita, pitisha ukucha pembeni mwa kalipa. Usipokwama popote, imeshika.

## Ikiharibika, soma dalili

Ikitoka kwa magamba makubwa, geuza gamba. Chini likiwa jeusi, ni grisi. Likiwa la kahawia na unga, ni kutu uliyoiacha. Likiwa na tabaka la kijivu, ni praima uliyoambiwa usinunue.

Malengelenge madogo kama ya tetekuwanga ni unyevu au chumvi. Mikunjo ni haraka kati ya mikono. Rangi iliyogeuka kahawia haikuwa ya kalipa, au kalipa yenyewe imekwama na inaungua. Hilo la mwisho lichunguze siku hiyo hiyo: baada ya safari fupi, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, mwite fundi.

Ikilainika na kuteleza pahala pamoja tu, karibu na paipu, yanavuja mafuta ya breki. Usiipake tena kabla hujajua yanatokea wapi.

Kilichobaki kwenye kopo kifunike kwa nguvu, ukihifadhi kivulini, kopo limegeuzwa juu chini ili hewa isiingie. Utakihitaji. Jiwe la njia ya Marafa au spana ya mtu wa pancha itachubua alama ndogo siku moja. Isafishe kwa dawa ya breki, itie tone kwa njiti ya kiberiti, jioni hiyo hiyo ikiwezekana. Ukiingoja mwisho wa mwezi utakuta kutu imeshatambaa chini ya rangi upana wa shilingi, na utarudi kwenye hatua ya nne.